Maswali ya Wasomaji: Nani Atoe Taarifa ya Uvumbuzi Uliofadhiliwa na Serikali ya Marekani, na Lini?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni Mtanzania, nafanya utafiti wa baada ya udaktari katika chuo kikuu kimoja hapa North Carolina. Maabara yetu inashirikiana na kampuni ndogo kutengeneza kihisi cha kupima madini ya risasi katika maji ya bomba, kwa fedha za National Science Foundation (NSF), shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, kupitia mpango wa STTR unaoziunganisha kampuni ndogo na taasisi za utafiti. Miezi michache iliyopita nilipata namna ya kupaka utando juu ya kihisi hicho kikadumu muda mrefu zaidi bila kupoteza usahihi. Mkuu wa kampuni ameniomba nisijaze fomu yoyote ya chuo mpaka wamalize mazungumzo na wawekezaji, kwani anahofia kwamba serikali ikipata habari siri itavuja. Anasema pia kuwa ruzuku ni ya kampuni, kwa hiyo ripoti zote ni za kampuni na uvumbuzi ni wao. Mwezi ujao nimepangiwa kuonyesha bango katika mkutano wa kisayansi. Nifanye nini? (Msomaji, Durham)

JIBU: Ndugu msomaji, andika taarifa ya uvumbuzi huo wiki hii, uipeleke katika ofisi ya chuo inayoshughulikia hataza (yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi bila ruhusa), na uhakikishe imepokelewa kabla bango halijatundikwa. Mkuu wa kampuni ana haki ya kulinda biashara yake, lakini ombi alilokupa linaweza kumpotezea hicho hicho anachotaka kukilinda.

Nianze na hoja yake kwamba ripoti zote ni za kampuni, kwa sababu ina ukweli nusu. Katika STTR, mpango ulioanzishwa mwaka 1992, anayepewa ruzuku ni kampuni ndogo, nayo hulazimika kufanya angalau asilimia 40 ya kazi, huku taasisi ya utafiti ikifanya angalau asilimia 30. Ripoti za maendeleo na za fedha kwenda kwa mfadhili ni jukumu la kampuni, na chuo chako huipa kampuni taarifa za sehemu yake. Uvumbuzi hauendi kwa njia hiyo. Sheria ya Bayh-Dole, inayohusu uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali na iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter tarehe 12 Desemba 1980, pamoja na kanuni zake, inamtaka kila mshiriki atoe taarifa ya uvumbuzi wa watu wake mwenyewe. Vifungu vya kawaida vya mkataba vinasema wazi zaidi: aliyepewa fedha haruhusiwi kujipatia haki katika uvumbuzi wa mshirika wake kama sharti la kumpa sehemu ya kazi. Kampuni inaweza kuomba leseni kwa chuo, na mara nyingi makubaliano ya STTR kuhusu haki za uvumbuzi huwa yamekwisha kueleza utaratibu wa kuipata, lakini haiwezi kusema uvumbuzi ni wake kwa sababu tu fedha zilipitia mikononi mwake.

Sasa hesabu ya siku. Ukishawaandikia wahusika wa hataza chuoni, chuo kina miezi miwili kumjulisha mfadhili, na kwa kawaida hufanya hivyo kupitia mfumo wa mtandaoni wa iEdison, ambao tangu mwaka 2022 unaendeshwa na NIST, taasisi ya serikali ya viwango na vipimo. Baada ya hapo chuo kina miaka miwili ya kuamua kama kitashika umiliki, na kikishaamua kina mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi la kwanza la hataza. Muda huu unaonekana mrefu, lakini bango lako linaweza kuufupisha. Ukishauonyesha uvumbuzi hadharani, sheria ya Marekani inakupa mwaka mmoja tu wa kuomba hataza, na mfadhili anaweza kudai uamuzi wa umiliki ufanywe mapema, mpaka siku 60 kabla ya mwaka huo kwisha. Ulaya haina mwaka huo wa ziada kwa mambo ya kawaida: ukionyesha kwanza na kuomba baadaye, umechelewa. Ndiyo maana nasema taarifa itangulie, na ofisi ya hataza ipate nafasi ya kuwasilisha ombi la awali au kukushauri ni mchoro upi uondolewe kwenye bango.

Huenda ukajiambia kwamba miezi miwili huanza pale unapoandika, basi usipoandika hakuna kinachoanza. Usifuate njia hiyo. Kanuni zinavitaka vyuo viwafunge watafiti wao kwa maandishi kutoa taarifa za uvumbuzi bila kuchelewa, na inaelekea nawe ulitia sahihi karatasi ya namna hiyo siku ulipoajiriwa. Tena, adhabu ya kunyamaza ni kubwa. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, inayosikiliza rufaa za hataza, iliamua kesi ya Campbell Plastics dhidi ya Brownlee. Campbell, kampuni ndogo, ilikuwa na mkataba na Jeshi la Nchi Kavu wa kutengeneza sehemu za barakoa za kinga kwa marubani na wahudumu wa helikopta na ndege, na ikavumbua namna ya kuunganisha sehemu hizo kwa mawimbi ya sauti zisipenyeze gesi. Mkataba ulitaka uvumbuzi utajwe katika fomu maalumu, DD 882. Kampuni ilipeleka fomu hizo bila kuutaja. Ilipobanwa, ikajitetea kwamba maelezo ya teknolojia yalikuwa yametawanyika katika ripoti na michoro ambayo Jeshi lilikuwa nayo. Mahakama ilikataa kuokoteza vipande: sheria inataka taarifa moja inayoeleweka, mahali palipoagizwa. Umiliki ukachukuliwa na Jeshi. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2018 hali ni kali zaidi, kwa kuwa ule muda wa siku 60 ambao zamani uliibana serikali katika kudai umiliki wa uvumbuzi usiotolewa taarifa umeondolewa.

Kwa hiyo andika taarifa iliyokamilika. Taja namba ya ruzuku na kila mvumbuzi. Eleza utando ni wa nini, unapakwaje, kwa joto gani na kwa unene gani, na nini hubadilika katika vipimo unapokuwepo na usipokuwepo. Ambatanisha kurasa za daftari zenye tarehe. Taja pia bango, siku ya mkutano, na kama kampuni imekwisha kumwonyesha au kumuuzia mtu yeyote kihisi chenye utando huo, kwa sababu mauzo nayo huanzisha ule mwaka mmoja. Kuhusu orodha ya wavumbuzi, nakusihi usimwachie mtu mwingine akuandikie: mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe, bila kujali cheo chake, mshahara wake wala aina ya viza aliyonayo.

Inawezekana kampuni ikadai kwamba wazo la utando ilikuwa nalo kabla ya ruzuku. Hata ikiwa ni kweli, hilo halimalizi jambo. Bayh-Dole inagusa uvumbuzi uliofikiriwa wakati wa kazi ya ruzuku, na pia ule ambao kwa mara ya kwanza ulitengenezwa na kuthibitishwa kuwa unafanya kazi wakati huo. Wazo lililokaa miaka mitano kwenye droo ya kampuni, likaja kufanya kazi mara ya kwanza kwenye meza yako kwa fedha za serikali, lina wajibu wa kutolewa taarifa kama lilivyo lile lililozaliwa jana. Hapa ndipo ninapoona ushirikiano mwingi ukiharibika, kwa sababu kila upande unakumbuka historia kwa namna yake na hakuna aliyeandika kitu kabla ya kazi kuanza.

Hofu ya siri kuvuja inajibika. Sheria inaruhusu mashirika ya serikali kuzuia taarifa ya uvumbuzi isitolewe kwa umma kwa muda wa kutosha kuwasilisha ombi la hataza. Panapovuja kwa kweli ni kwingine, hasa katika muhtasari wa matokeo ambao ruzuku nyingi za NSF hudai ndani ya siku 120 baada ya mradi kwisha na ambao husomwa na mtu yeyote. Humo andikeni matokeo na faida zake, si mapishi. Nayo kampuni ihakikishe data zake zina lile tamko la haki za data za STTR, ambalo huzilinda kwa miaka isiyopungua 20 tangu ruzuku itolewe. Mwambie mkuu wa kampuni kwa adabu kwamba mwekezaji makini, kabla ya kutoa fedha, atauliza kama uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali umetolewa taarifa kwa wakati, na jibu la hapana litamkimbiza.

Jambo la mwisho kwako: usitie sahihi hati yoyote ya kampuni, hata fomu ya mgeni getini, kabla chuo hakijaisoma. Mtafiti mmoja wa Stanford alikwenda kujifunza mbinu katika kampuni ya Cetus, akatia sahihi hati ya usiri ambayo papo hapo iliihamishia kampuni haki zake, ilhali mkataba wake na chuo ulikuwa umeahidi tu kuzihamisha baadaye. Kampuni ya dawa ya Roche ilirithi haki hizo, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Bayh-Dole haikipi chuo umiliki wa uvumbuzi moja kwa moja kwa sababu tu fedha zilikuwa za serikali. Umiliki huanza na mvumbuzi mwenyewe, kisha hufuata sahihi zake.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa miradi katika chuo kikuu. Kampuni mshirika iliahidi kuchangia muda wa wahandisi wake na mashine moja, na mchango huo umo katika bajeti iliyokubaliwa na serikali. Mwaka umekwisha, nao wametuletea barua ya mstari mmoja yenye jumla ya dola. Je, inatosha? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Haitoshi, dada. Kanuni za pamoja za ruzuku za serikali kuu zinataka mchango wa aina hiyo uthibitike katika kumbukumbu, uwe wa lazima kwa mradi, na usiwe umehesabiwa katika ruzuku nyingine ya serikali. Muda wa mhandisi hupimwa kwa mshahara wake wa kawaida pamoja na marupurupu yanayostahili, ikiwa anafanya kazi ya ujuzi wake, na si kwa bei ambayo kampuni humtoza mteja. Mashine iliyotolewa moja kwa moja haipewi thamani kuzidi bei ya soko ya mashine ya umri na hali ile ile. Ikiwa ni ya kuazima, hesabu kodi yake ya haki.

Waombe kumbukumbu za kila wiki zinazoonyesha jina la mhandisi, tarehe, saa na kazi yenyewe, kwa mfano kurekebisha pampu ya utupu ya chumba cha majaribio, pamoja na sahihi ya msimamizi anayeijua kazi hiyo. Kuzikusanya mwishoni mwa mwaka ni taabu na hushawishi watu kubuni, kwa hiyo anzeni utaratibu huu sasa kwa mwaka unaokuja. Chuo kinachotumia dola 1,000,000 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka hukaguliwa (kiwango kilikuwa 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya tarehe 1 Oktoba 2024), na nyaraka hizo hutunzwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha ripoti ya mwisho ya fedha.

SWALI: Kituo chetu kinapokea ruzuku ndogo, yaani sehemu ya ruzuku kuu, kutoka chuo cha Marekani chenye fedha za NIH (taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya), na tunafanya kazi na kiwanda cha vifaa vya kupimia magonjwa hapa Kenya. Chuo hicho kinataka nakala za madaftari yetu ya maabara. Je, wana haki hiyo? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Wanayo. Tangu mwaka 2024 NIH inadai kwamba mkataba na mpokeaji wa kigeni uruhusu chuo kikuu mfadhiliwa kupata nakala za madaftari ya maabara, data na nyaraka zote zinazounga mkono matokeo yaliyoandikwa katika ripoti ya maendeleo, angalau mara moja kwa mwaka. Nakala za kielektroniki zinakubalika. Majina na utambulisho wa wagonjwa yaondoeni kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 ina masharti kuhusu taarifa binafsi zinazovuka mpaka.

Kwa upande wa kiwanda, kazi ambayo kinailipia chenyewe na isiyogusa ruzuku iwe na daftari lake tangu siku ya kwanza. Mkichanganya majaribio ya ruzuku na ya kiwanda katika kurasa zile zile, itakuwa vigumu sana baadaye kueleza kwa nini ukurasa mmoja mnaupeleka na mwingine mnauzuia. Pia muulizeni mshirika wenu kuhusu hatima ya mkataba wenyewe, kwa sababu Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba inaachana na kupitisha fedha kwa taasisi za kigeni kama ruzuku ndogo na inaandaa muundo ambamo taasisi hizo zitafuatiliwa moja kwa moja na NIH, yaani kituo chenu kinaweza kujikuta kinaandika ripoti zake chenyewe.