Kwa nini lenzi zangu zinashika utando na za dada hazishiki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na dada yangu tunavaa lenzi laini za machoni na tunazisafisha kwa dawa ileile. Zangu haziishi kushika utando mweupe, zake hubaki angavu. Daktari wa macho aliniambia ni protini, basi. Protini inafuata nini kwenye plastiki?

JIBU: Marahaba. Daktari amesema kweli, ila amekatiza hadithi njiani.

Machozi yana laisozaimu nyingi, protini ndogo inayovunja kuta za bakteria, nayo ina chaji chanya. Baadhi ya lenzi huchanganywa asidi ya methakriliki ili zinywe maji zaidi, na asidi hiyo huzipa chaji hasi. Hapo hakuna fumbo: laisozaimu huvutwa mpaka ndani ya lenzi, na ile inayopoteza umbo lake ndiyo huleta weupe. Muulize daktari kama zako ni za kundi la 4, kundi la lenzi laini lenye maji mengi na chaji. Nadhani mchawi wako yuko hapo.

Lakini usidhani kuondoa chaji kunatosha. Silikoni tupu haina chaji, na bado protini huing'ang'ania. Protini imekunja sehemu zake zinazokwepa maji kwa ndani. Ikikuta uso nao unaokwepa maji, hukunjuka na kuulalia, na maji yaliyobanwa katikati yakapata nafasi ya kutoka. Kwa hiyo mwamuzi ni maji. Uso ukiyashika kwa nguvu, protini haipati pa kukaa.

Polietilini glaikoli, polima (yaani molekuli ya mnyororo mrefu) inayopenda maji, hufanya hivyo, na minyororo yake ikibanwa husukuma nyuma. Mimi navutiwa zaidi na polima zenye chaji chanya na hasi bega kwa bega, jumla sifuri, kila moja ikiwa imekumbatia maji yake. Huko Japani, Kazuhiko Ishihara na wenzake walitengeneza ya namna hiyo yenye fosforilikolini, kichwa cha molekuli za mafuta ya utando wa seli, wakiiga uso wa nje wa utando wa seli zetu. Leo imo katika baadhi ya lenzi, hata katika vifaa vinavyogusa damu, ambako fibrinojeni, protini ya damu, ikinata huita chembe sahani, vijichembe vya kugandisha damu, na damu ikaganda.

Tangazo likisema lenzi "haishiki protini kabisa", usiliamini. Zote hushika, nyingine kidogo sana. Acha kubadilisha dawa. Omba lenzi isiyo na chaji, au zile za kuvaa siku moja na kutupa. Ukibaki na hizo ulizonazo, zisugue kwa kidole kabla ya kuziloweka, hata kama chupa inasema si lazima.