Mkataba wa Maputo unamsaidiaje mama wa kisiwani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita wifi yangu alishikwa na uchungu usiku, zahanati yetu ikiwa imefungwa. Tulimlaza mtumbwini juu ya magunia ya dagaa, mumewe akiikinga karabai isizimwe na upepo, tukafika ng'ambo alfajiri. Namshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Semina moja jijini Mwanza ilitufundisha kwamba Mkataba wa Maputo unatulinda. Unatulindaje sisi tusio na mkunga wa usiku? (Mama wa watatu, Ukerewe)

JIBU: Poleni sana, na mpe wifi yako hongera. Mkataba huo, unaohusu haki za wanawake barani Afrika, ulipitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003, na Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inaitaka serikali itoe huduma za afya za kutosha, za gharama nafuu na zilizo katika umbali unaofikika, hasa kwa wanawake wa vijijini, na iimarishe huduma za kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na baada yake. Lishikeni neno umbali, kwa sababu kwenu kilomita chache zaweza kuwa usiku mzima ziwa likichafuka.

Andikeni saa uchungu ulipoanza, saa mlipopata mtumbwi na fedha mlizolipia petroli, kisha mlifikishe jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mhakikishe limeingia kwenye muhtasari. Karatasi hiyo ina safari ndefu. Nchi iliyoridhia hutakiwa kutoa taarifa za utekelezaji kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, na mashirika ya kiraia hupeleka huko taarifa zao mbadala, ambazo bila ushuhuda kama wenu hubaki maneno matupu. Vyombo vya Afrika husikiliza: mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito, katika shauri lililofunguliwa na mashirika ya kutetea haki mwaka 2019.

Uchungu, hata hivyo, hausubiri Banjul. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito. Muulizeni mganga wa zahanati kama yupo mwenye boti kisiwani kwenu aliyesajiliwa kwenye mfumo huo, na kama hayupo, hilo nalo liingie kwenye muhtasari.