Mbwa wangu amesababisha ajali, je, nina deni?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina mbwa wa kulinda nyumba. Juzi magharibi alichomoka getini akakatiza barabara. Gari likamgonga, kisha likaparamia nguzo. Mbwa alikufa na dereva akavunjika mkono. Komeo la geti lilikatika wiki mbili nyuma, nikawa nafunga kwa kamba. Jirani anasema Mtume ﷺ amesema madhara ya mnyama hayana fidia. Bima ya dereva imeshatengeneza gari, na sasa wameniletea fomu nieleze geti lilikuwaje. Je, nadaiwa? Na dereva anilipe mbwa wangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Hadithi ya jirani ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Ila jirani ameishika hiyo moja tu. Ngamia wa sahaba al-Baraa bin Azib aliingia shamba la watu akaharibu, na Mtume ﷺ akahukumu kuwa mchana wenye mashamba wayalinde, na kinachoharibiwa na wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama. Kwa nini usiku? Kwa sababu ndio wakati ambao watu walizoea kufunga mifugo. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wakasema kwamba kusamehewa ni kwa mnyama aliyeponyoka bila uzembe wa mwenyewe.

Basi tuulizane: saa ile, nani alipaswa kumzuia mbwa? Dereva hawezi kulilinda geti lako. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliamua hivyo hivyo kuhusu ajali za barabarani: wenye wanyama wanadhamini, yaani wanalipia, madhara wakiwa wamezembea kuwadhibiti, na mwamuzi ni mahakama.

Na wewe umejihukumu kwa kalamu yako. Wiki mbili, kamba! Ungesema komeo lilikatika dakika ile ile, jibu langu lingekuwa jingine. Dhamana iko juu yako. Ikithibitika kwamba dereva naye alikuwa akienda mbio kupita kiasi, kila mmoja abebe fungu lake kwa kadiri ya kosa lake, na hilo wapimaji wa ajali ndio wanaolijua, si mimi.

Bima kutengeneza gari hakukufuti kosa lako. Kweli, Baraza hilo hilo mwaka 1985 liliharamisha bima ya biashara yenye malipo maalumu na kuruhusu ya ushirika. Lakini mkataba ule ni wa dereva, usiufanye kichaka cha kujifichia. Kwenye fomu andika kamba, na tangu lini. Ukiandika "geti lilikuwa limefungwa vizuri" utakuwa umeongeza uongo juu ya deni.

Mkono wake ndio unaonishughulisha zaidi. Nenda kamwone, umuulize ametumia kiasi gani kwa matibabu na amekosa kazi siku ngapi, mkubaliane kwa sulhu. Msipoafikiana, kadhi au mahakama iamue. Kafara ya kuua bila kukusudia huna, kwa kuwa hakufa mtu.

Mbwa usimdai. Katika madhehebu ya Shafi, mbwa hana thamani ya kulipwa, hata wa ulinzi ambaye wengi wameruhusu kumfuga. Wallahu a'lam.