Je, mwaka 2048 Antaktika itafunguliwa kwa wachimba madini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia, kidato cha tatu, Kilwa. Wanafunzi wangu wameona video inayosema Mkataba wa Antaktika unaisha mwaka 2048, kisha mataifa makubwa yataanza kuchimba mafuta na madini huko. Nimekosa la kuwajibu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, Mwalimu, na nimefurahi umeuliza kabla jambo hilo halijaingia kwenye madaftari. Mkataba wenyewe, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12 (kutoka bara letu ni Afrika Kusini peke yake), hauna tarehe ya kuisha. Tena marufuku ya kuchimba haimo humo. Imo katika Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, yaani makubaliano ya nyongeza ya Mkataba kuhusu mazingira, ibara ya 7, ambayo ni sentensi moja tu: shughuli yoyote inayohusu rasilimali za madini imepigwa marufuku, isipokuwa utafiti wa kisayansi. Ukomo wa muda hautajwi.

Hiyo 2048 imetoka ibara ya 25. Itifaki ilianza kutumika Januari 1998, na miaka 50 ikishatimia, nchi yoyote yenye kura katika maamuzi ya Mkataba inaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya. Kuomba mkutano si kufungua mgodi. Badiliko likipitishwa mkutanoni, haliwi sheria mpaka liridhiwe na robo tatu ya nchi zenye kura, zikiwemo zote 26 zilizokuwa na kura Itifaki ilipopitishwa. Zote, Mwalimu, ikigoma moja, limekwama. Na marufuku haiondolewi bila kuwepo kwanza sheria ya kusimamia uchimbaji. Sheria ya namna hiyo iliwahi kuandikwa, Wellington, mwaka 1988. Australia na Ufaransa zikakataa kuiridhia, ikafia hapo.

Upenyo upo, sitakuficha. Badiliko lililopitishwa lisipoanza kutumika ndani ya miaka 3, nchi inaweza kutoa notisi ya kujitoa kwenye Itifaki, na miaka 2 baadaye inakuwa nje. Kinachonisumbua zaidi ni yale maneno "isipokuwa utafiti". Mawimbi ya sauti anayopiga mwanasayansi ili achore matabaka ya miamba chini ya bahari ndiyo hayo hayo anayoyatumia mtafuta mafuta. Ukiitazama meli ikifanya kazi hiyo, huwezi kujua nia ya aliyeituma.

Wanafunzi watakuuliza pia bara hilo ni la nani. Nchi 7 zinadai vipande vyake, na Argentina, Chile na Uingereza zinagombea rasi ile ile. Argentina ilifika hadi kumpeleka mama mjamzito kwenye kituo chake cha Esperanza akajifungulie huko. Januari 1978 akazaliwa Emilio Palma, mtu wa kwanza kuzaliwa Antaktika. Kisheria haikuisaidia kitu, kwani ibara ya 4 ya Mkataba inasema lolote litendwalo wakati Mkataba unatumika haliwezi kuwa msingi wa dai.

Kama unataka wajadili jambo ambalo muda wake uliisha kweli, wape habari za uduvi. Uduvi wa bahari ile ni mdogo kuliko kidole, lakini nyangumi, pengwini na sili wanaishi kwa huo. Kusini mwa Atlantiki kikomo cha kuuvua ni tani 620,000 kwa msimu, na kulikuwa na kanuni iliyogawa kiasi hicho kwa maeneo, ili meli zisirundikane pale pengwini wanapolisha makinda. Kanuni hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Katika kikao cha mwaka 2024 cha tume inayosimamia uvuvi wa bahari hiyo, huko Hobart, Australia, ambako kila uamuzi unahitaji kukubaliwa na wanachama wote, hawakuafikiana kuihuisha, nayo ikaisha. Msimu uliofuata kikomo kilifikiwa mapema kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa Agosti 2025.