Mama, nikisamehe ni lazima nifute kesi?

Mwangaluka wasomaji wangu wa Mwanza na wa visiwani. Barua za mwezi huu zimekuja nyingi ila karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu kakosewa na hajui afanye nini na moyo wake. Nimechagua tatu. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue tu kwamba mi ni mzee wa kanisa na nilikua karani mahakamani miaka mingi kabla ya kustaafu, kwahiyo nikijibu nachanganya Biblia na faili, nisameheni.

*Shikamoo Mama. Nina watoto wanne, nakaa Kirumba, nauza dagaa pale mwaloni. Mume wangu alipofariki nilibaki na mtumbwi na injini, nikampa kijana mmoja awe nahodha, huyo kijana alikuja kambini kwetu hana hata ndevu, anakula kwangu, ananiita mama. Mwaka jana kipindi cha giza, ndo wakati wa dagaa, akarudi usiku bila injini anasema wamevamiwa na majambazi ziwani. Tulilia, tukamfanyia na maombi ya shukrani kwamba kapona! Kumbe kauza. Injini nilikua nimeinunua kwa mkopo wa kikoba na mpaka leo nalipa deni la kitu ambacho sinacho. Alikamatwa yuko mahabusu kesi inaendelea. Sasa mama yake kaja mara tatu na wazee, na mchungaji wetu ameniambia kama nimesamehe kweli niende nikafute kesi. Mama nikwambie ukweli, namchukia. Juzi nimesikia ana homa kali kule ndani nikafurahi, siku hiyo nilikula ugali nikashiba, alafu usiku nikaogopa sana. Kila siku tunasali utusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Je nisipofuta kesi Mungu hatanisamehe?*

Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya kufiwa pia maana naona hiyo umeipitia haraka haraka.

Nianze na ule ugali. Ile hofu iliyokujia usiku ndo inanipa moyo na wewe, kwa sababu chuki ikishakomaa mtu haogopi tena, anakula anashiba na analala usingizi mzuri kabisa. Hasira sina ugomvi nayo, Paulo anawaambia Waefeso wawe na hasira ila wasitende dhambi, kwahiyo anajua hasira itakuwepo. Ulikasirika kwa sababu kitu kibaya kimefanyika, ungekua hujakasirika ningekushangaa. Ila hasira inataka jambo liwekwe sawa, chuki yenyewe haina shida na injini tena, hata ukirudishiwa injini mpya na kreti ya soda juu yake bado unataka mtu aumwe. Ndo mpaka wenyewe ulipo, na siku ile ya homa ulikua umeuvuka. Yohana kwenye waraka wake wa kwanza anasema amchukiaye ndugu yake ni muuaji, maneno makali, zamani nilikua naona kaongeza chumvi mpaka siku nilipojikuta namtakia mtu mabaya. Kuna mtu aliniuzia kiwanja ambacho alishamuuzia mwingine, nilikua nikimwona sokoni nabadilisha njia, na moyoni nilikua nishamzika. Ilinichukua miaka, sikudanganyi.

Sasa kesi. Hapa na mchungaji wako simuungi mkono, na nasema kwa heshima maana najua anataka amani kanisani. Kusamehe ni kuacha kumdai yule mtu kwa moyo wako, kuacha kuhesabu, kuacha kumwombea homa. Kufuta adhabu ni jambo jingine kabisa. Angalia pale msalabani kwenye Luka 23, yule mhalifu aliekua pembeni ya Yesu alisema mwenyewe kwamba wao wanapata walichostahili, na Yesu akamwambia leo utakua pamoja nami peponi. Kasamehewa na aliyeweza kusamehe kuliko wote. Je alishushwa msalabani? Hakushushwa, jioni walikuja wakamvunja miguu kama mwenzake. Na Daudi kwenye 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako, na hapohapo anamtajia kitakachompata nyumbani kwake, pumzi ileile.

Kama unataka mtu wa siku zetu, mi sio Mkatoliki lakini huyu nampa heshima yake. Papa Yohane Paulo wa Pili, yuleyule aliefika hadi hapa Mwanza Septemba 1990, alipigwa risasi uwanjani kwake tarehe 13 Mei 1981 na mtu anaitwa Mehmet Ali Ağca. Akiwa bado kitandani hospitali alisema amemsamehe. Desemba 1983 akaenda gerezani mwenyewe, wakakaa kwenye viti wawili wakaongea kwa sauti ya chini. Alafu Papa akarudi kwake na Ağca akabaki ndani, msamaha wa serikali ya Italia aliupata mwaka 2000. Hesabu hiyo miaka. Sijamsikia mtu akisema Papa alikua hajasamehe kwa sababu hakutoka na mfungwa mkononi.

Alafu kuna kitu cha kimahakama watu wengi hawakijui. Hiyo kesi hata kwenye jalada haiandikwi jina lako, inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. We ni mlalamikaji na ni shahidi, kuifuta hakupo mikononi mwako peke yako, kwahiyo hao wazee wanaokuja na kukaa sebuleni kwako mpaka usiku wanakubebesha mzigo ambao nusu yake sio wako. Na nikuulize, katika zile mara tatu walizokuja kuna hata mmoja aliuliza kikoba unalipaje? Maana Zakayo alipotubu hakusema samahani akaishia hapo, alisema kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Mama yule angekuja na hata laki moja na neno la kusema tutalipa kidogokidogo, mazungumzo yangekua mengine kabisa. Toba inayokuja na wazee bila senti hata moja mi naiangalia kwa jicho moja.

Lakini na wewe mwanangu usidhani nimekupa panga. Ukienda kutoa ushahidi sema kilichotokea, usiongeze. Nimeona kwa macho yangu miaka ile, mtu kaibiwa injini anafika kizimbani inakua injini na nyavu na taa za sola nane na simu, kwa sababu kamchukia anataka kifungo kirefuke. Hapo haki imeshakua kisasi kilichovaa suti. Kuna andiko napenda sana liko Kumbukumbu la Torati 25, linasema mwovu akistahili kupigwa apigwe mbele ya mwamuzi kwa hesabu, yasizidi arobaini, na sababu yake ni kwamba ndugu yako asije akaonekana hafifu mbele ya macho yako. Umeona hapo? Anaingia kwa hakimu anaitwa mwovu, wakati anachapwa anaitwa ndugu yako. Wayahudi waliogopa kukosea hesabu mpaka wakawa wanaishia thelathini na tisa, Paulo anasema alizipata hizo mara tano. Adhabu ina idadi kwa sababu anaeadhibiwa hajaacha kuwa mtu wa watu. Chuki ndo haina idadi.

Kwahiyo nenda mahakamani siku ukiitwa. Mwambie mwendesha mashtaka unachotaka hasa ni fidia, mahakama ina uwezo wa kuamuru alipe, hilo liseme kwa sauti kwa sababu wenzako wengi wanakaa kimya wanadhani kufungwa tu ndo haki, alafu kijana anafungwa na deni linabaki lako. Ukiguswa ukataka kumwombea adhabu nyepesi, iseme, hiyo ni huruma na ni nzuri sana, ila ni zawadi, mtu asikukabe shingo uitoe. Na hiyo homa, mpe mama yake hela ya dawa ampelekee. Usiende mwenyewe kama huwezi kumuangalia usoni, tuma tu. Utaitoa kwa kukunja sura na haidhuru, moyo unafuata mkono taratibu.

Na akitoka usimpe mtumbwi! Kuna watu watakuja tena sebuleni kukwambia msamaha ni kumrudishia unahodha. Hapana. Mpe ugali, injini mpe mwingine.

*Mama habari, mi ni boda hapa Buhongwa nina miaka 24. Mwaka jana kuna jamaa alishikwa na pikipiki ya mwenzetu, watu wakakusanyika akapigwa. Mi nilimpiga mateke mawili tu na alikua ashaanguka tayari. Baadae nikasikia amekufa. Washkaji wanasema alistahili maana polisi unampeleka leo kesho yuko mtaani anakuchekea. Ni kweli Mungu anachukia wizi si ndio? Sasa mbona silali vizuri.*

Silipendi swali lako ila nakushukuru kwa kuliandika.

Hilo neno "tu" umeliweka kwenye mateke mawili. Kila mmoja aliekuwepo pale ana "tu" yake, jiwe moja tu, fimbo moja tu, mi nilishika miguu tu, ukizikusanya zote unapata maiti. Redioni watasema kauawa na wananchi wenye hasira kali, hayo maneno huwa yananiudhi sana, ni kama koti kubwa ambalo watu hamsini wanajificha ndani yake na hakuna anaeitwa kwa jina lake. Wewe jina unalo, ndo maana hulali.

Kwamba polisi wanaachia wezi, malalamiko hayo nayajua na mengine ni ya kweli. Lakini Warumi 13 inasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure, upanga kapewa mmoja, haijapewa stendi nzima. Sura ya nyuma yake palepale inasema msijilipize kisasi, kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa. Na hata ile jicho kwa jicho ambayo watu wanaitaja kwa ukali iliwekwa kama breki, jicho moja linalipwa jicho moja, usitoe mawili. Kabla yake kulikua na Lameki kwenye Mwanzo 4, anajisifu kwa wake zake kwamba kamuua kijana kwa kumchubua na kwamba yeye atalipiwa kisasi mara sabini na saba. Pikipiki kwa roho ya mtu, hiyo ni hesabu ya Lameki. Yesu alipomwambia Petro asamehe saba mara sabini naamini alikua anaikumbuka ileile hesabu akaigeuza kichwa chini. Na yule hakupewa hata nafasi ya kusema pikipiki kaipataje. Nimewahi kuona faili la mtu aliyepigwa karibu afe, kumbe pikipiki aliazimwa na shemeji yake.

Ukinitaka nikwambie umesamehewa ulale, siwezi kuishia hapo. Mungu anasamehe damu, Daudi alikua nayo na Paulo alikua nayo. Ila yaliyotokea kisheria ni mauaji na mimi sitakudanganya kwamba ni kitu chepesi. Tafuta kwanza mtumishi unaemwamini umwambie yote bila ile "tu", alafu watafute wanasheria wa msaada wa kisheria, wapo wasiotoza hela, wakuelekeze namna ya kwenda kusema, usiende peke yako. Najua naomba kitu kikubwa kwa kijana wa miaka 24. Na kuna mama mahali fulani alizika mtoto na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia ni mimi.

Kuhusu kukuchekea mtaani, tutaongea siku nyingine.

*Bwana asifiwe Mama. Jirani yangu hapa Ukerewe kasogeza mpaka wa shamba. Nimeambiwa nifunge siku tatu nisome Zaburi 109 usiku wa manane nikimtaja jina. Inaruhusiwa?*

Amina. Zaburi 109 isome, imo kwenye Biblia yako na umeinunua kwa hela yako. Daudi alikua na hasira akaipeleka yote kwa Mungu na akaiacha hukohuko, hilo ni bora kuliko kuipeleka kwa mganga au kuinolea panga. Ila ukifika mstari wa tisa, pale anaposema wanawe wawe yatima, simama kidogo. Umeandika mwenyewe chini ya barua yako kwamba watoto wake wanakuja kwako asubuhi kunywa uji na wa kwako. Uwaangalie usoni kesho yake alafu uniandikie kama uliweza kuendelea.

Kuhusu shamba, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikishindikana baraza la kata wawasuluhishe, na beba wazee wawili wanaokumbuka ile minyaa ilipandwa wapi. Nenda umekula, sio siku ya mfungo, vikao vile huwa virefu.