Monita inasema 100%, usiku friji linazimika

Kaka, unasema umetoa betri ya risasi kwenye gari lako la kulala safarini ukafunga ya lithiamu ya Ah 200 (ampea-saa, yaani uwezo wake), na sasa monita ya betri (kile kifaa kinachohesabu chaji iliyobaki) inaonyesha 100% asubuhi na mapema ilhali usiku friji linazimika. Sidhani betri ni mbovu. Monita bado inahesabu kwa mipangilio ya betri ya zamani.

Anza na chaja. Volti ya kujaza 14.2, ya kushikilia 13.5, ila karatasi ya betri yako ikisema tofauti, ifuate hiyo. Ikwalaizesheni (kuchaji kwa volti ya juu kupita kawaida) izime kabisa, hiyo ni dawa ya betri za risasi. Fidia ya joto (chaja kubadili volti kufuata joto) izime pia.

Kwenye monita weka uwezo Ah 200, kipeo cha Peukert (namba ya jinsi uwezo unavyopungua ukivuta umeme mwingi) 1.05, ufanisi wa kuchaji 99%. Mchawi wako nadhani ni volti ya "imejaa". Ikiwa bado ni 13.2, jua likichomoza sola inaleta ampea 3 tu, volti inapita hapo, na monita ikiona mkondo mdogo inaamua betri imejaa. Uongo mtupu! Weka 14.0, mkondo wa mwisho (unaobaki kuingia betri ikikaribia kujaa) 4% ya uwezo, yaani ampea 8, na muda wa hali hiyo kudumu dakika 3.

Kagua pia shanti, kile kipande cha kwenye waya hasi ambacho monita hupimia mkondo. Waya hasi wa kifaa uliofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia shanti hauhesabiwi. Mimi nilihangaika wiki mbili, kumbe fundi aliunga friji upande wa betri.

Ukimaliza, chaji mpaka ijae kweli, ndipo uisawazishe monita isome 100%.