"Break" Si Kuvunja Kila Mara

SWALI: Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Juzi nilikutana na maneno "day broke" katika hadithi ya Kiingereza, nikaandika "siku ilivunjika", na mhariri akayakata kwa wino mwekundu bila maelezo yoyote. Kitenzi hiki "break" maana yake hasa ni nini, na kimetoka wapi? Je, breki ya gari nayo inatokana nacho?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mhariri wako hakukosea, ingawa angekusaidia zaidi kama angeandika pembeni "kulipambazuka".

Kitenzi "break" ni cha asili ya Kiingereza chenyewe, hakikukopwa. Katika Kiingereza cha Kale kilikuwa "brecan", na ndugu zake wangali hai, kwa kuwa Wajerumani husema "brechen" na Waholanzi "breken". Wataalamu wa lugha wanakirudisha kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, mzizi uleule ambao katika Kilatini ulizaa "frangere", yaani kuvunja. Kutokana na Kilatini hicho, Kiingereza kilipata baadaye "fracture", mvunjiko wa mfupa, na "fraction", ile sehemu ya hesabu iliyotutesa darasani. Hivyo maneno ya ukoo mmoja yaliingia nyumba moja kwa milango miwili.

Ugumu uliokupata hautokani na asili hiyo, bali na upana wa kitenzi. Mwingereza hutumia "break" karibu popote kitu kilichokuwa kizima au chenye mfululizo kinapoachana, na hajali sana ni kitu gani. Sisi tunajali. Kijiti na mfupa huvunjika, lakini kamba hukatika, na umeme vilevile; redio huharibika hata kama haina ufa wowote. Mwingereza, zaidi ya hayo, hutumia umbo lilelile kwa aliyevunja kikombe na kwa kikombe kilichovunjika, wakati sisi kiambishi kimoja tu kinatuambia kama tumtafute mkosaji au la.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mkate. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Mathayo 26:26, Yesu anatwaa mkate, anaubariki, kisha "brake it". Watafsiri wa Kiswahili hawakuandika "akauvunja", kwa sababu mkate si kigae. Waliandika "akaumega", kitenzi cha vidole, kilekile tunachokitumia mtu anapochukua tonge la ugali kutoka sahani ya pamoja.

Chakula cha asubuhi nacho kina mafunzo yake. "Breakfast" ni kuvunja mfungo wa usiku, na neno hilo limekuwapo tangu karne ya 15. Sisi tunasema kifungua kinywa, na aliyefunga Ramadhani hufungua au hufuturu. Hata hivyo, tukichimba neno "futari" tunafika kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupasua, kwa hiyo Mwarabu na Mwingereza waliuona mfungo kwa jicho linalofanana. Kuvunja kwetu huja kabla ya mfungo wenyewe, tunapovunja jungu mwishoni mwa Shaabani, na huko si kuharibu chombo bali ni kula na kushiba.

Usidhani basi kwamba "vunja" ni kitenzi finyu. Bunge huvunjwa, rekodi huvunjwa, moyo huvunjwa, mahindi huvunjwa shambani, na msichana huvunja ungo, jambo ambalo Mwingereza hawezi kulisema kwa "break" hata kidogo. Kwa upande wake, "I am broke" ni umbo la zamani la "broken" lililobaki peke yake, na mfasiri akiandika "nimevunjika" msomaji atamtafutia muuguzi. Andika "sina hata senti" au, mhusika akiwa kijana wa mjini, "nimefulia".

Kuhusu breki, sisi tumeitoa katika "brake", neno ambalo kwa sikio halitofautiani na "break" lakini leo lina tahajia yake na maana yake ya kuzuia mwendo. Tahajia hiyo, kama ulivyoona kwenye Mathayo, ndiyo iliyokuwa ya wakati uliopita wa "break" kabla "broke" haijachukua nafasi. Kwa hiyo ukikuta "brake" katika maandishi ya zama hizo, soma sentensi nzima kwanza kabla hujasimamisha gari lolote.